Abiria mmoja kuhesabiwa wawili si kosa la mtandao

Mhariri,

Nilipowaandikia wenye mashua wawili wa hapa Lamu programu ya simu ya kuorodhesha abiria wa Faza na Mtangawanda, lalamiko la kwanza nililoletewa lilikuwa la abiria aliyetokea mara mbili katika orodha ya nahodha. Sote tuliulaumu mtandao. Kosa lilikuwa langu, na kwa kuwa naliona pia katika kazi za vijana wanaojifunza kuandika programu, naomba nafasi nilieleze.

Punda wawili waliosimama ufukoni, hata wakifanana kama shilingi kwa ya pili, ni punda wawili, na kila mmoja ana mwenyewe. Ilhali shilingi zenyewe, mwenye duka hajali umempa ipi. Lugha ya programu iitwayo Java, isipoelekezwa, huhesabu kila kitu kuwa punda. Mimi niliielekeza kwa equals, sehemu ya programu inayoamua kama vitu viwili ni sawa, kwamba maingizo mawili yenye namba moja ya kitambulisho ni abiria mmoja, nikasahau mwenzake, hashCode, inayotoa hashi ya kitu.

Hashi ni namba inayokokotolewa kutokana na kitu ili programu iende moja kwa moja kwenye rafu yake, badala ya kupekua ghala zima. Sharti lake ni kwamba vitu vilivyo sawa vitoe hashi moja. Kinyume chake si lazima: katika Java, "Aa" na "BB" hutoa 2112 yote mawili, na hakuna kinachoharibika, kwani wanaokutana rafu moja hulinganishwa tena. Abiria wangu aliwekwa rafu mbili tofauti, kwa hiyo hakuna aliyemlinganisha na nafsi yake.

Nilipolirekebisha nikazidisha, nikaitia namba ya simu katika ulinganisho na katika hashi. Abiria akabadilisha laini, nami nikaibadilisha namba yake akiwa tayari ndani ya seti, yaani mkusanyiko usiorudia kitu, unaopangwa kwa rafu hizo. Alipotaka kufuta safari, programu ilimtafuta rafu mpya, naye yuko ya zamani.

Lugha za karibuni hupunguza kazi hii lakini haziiondoi. Katika lugha ya Kotlin, data class, yaani aina ya kitu cha kubeba taarifa, hujitengenezea equals na hashCode, ila kwa sifa zilizotajwa katika konstrakta kuu (sehemu kuu ya kukiundia kitu) pekee. Lugha ya Swift haikubali kitu kiwe Hashable (chenye kutoa hashi) bila kuwa Equatable (chenye kulinganishika), na tangu toleo la 4.2 la mwaka 2018 hashi zake hubadilika kila programu inapowashwa upya, kwa hiyo anayeihifadhi kama kitambulisho cha kudumu hataikuta kesho.

Lililo gumu zaidi, hata hivyo, haliamuliwi na lugha yoyote. Mtoto hana kitambulisho, na katika mashua moja unaweza kuwakuta watoto watatu wenye jina moja la kwanza na la baba. Mimi sasa humpa kila abiria namba isiyobadilika anapoandikishwa mara ya kwanza, na hiyo pekee ndiyo ninayoilinganisha na kuitolea hashi. Nawaomba wanaofundisha vijana wetu, Lamu na Malindi, wawape zoezi hili kabla ya rangi za skrini: mwandikishe abiria yuleyule mara mbili, mbadilishie namba ya simu, kisha jaribu kumfuta.

Mwandishi wa programu,
Langoni, Lamu