Fomu hakuna, andika barua ulete

Mhariri naomba nafasi kidogo. Mimi nina steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, nachapa na kutoa kopi, na kila wiki wanakuja vijana wanaotafuta kazi, wameambiwa tu "andika barua ulete", fomu hakuna, basi wanakaa pale kwenye benchi hawajui waanzie wapi.

Juzi kaja binti wa Uyole na karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, kaandika "naomba kazi yoyote" basi, hata namba ya simu hamna! Nikamwambia mdogo wangu anuani yako juu kulia, tarehe chini yake, ya mwajiri kushoto, halafu YAH: na utaje kazi yenyewe. Nikamuuliza umewahi kufanya nini, akasema hamna, kumbe miaka miwili kauza duka la pembejeo la mjomba wake, anajua mbolea, DAP ya kupandia na urea ya kukuzia, na kazi anayoomba ni ya duka la pembejeo vilevile jamani! Hiyo ndo ya kuandika, tena aya ya kwanza kabisa.

Na nyie waajiri, kama fomu hamna basi bandikeni hata karatasi mlangoni mseme mnataka vyeti gani na wadhamini wangapi, hawa watoto nauli wanakopa.

Mwenye steshenari,
Mwanjelwa, Mbeya