Shangazi, usikubali kompyuta ipigwe Windows kabla mafaili hayajatoka

Shikamoo Shangazi,

Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku nimeusikiliza mara tatu. Umesema kompyuta imegoma tangu umeme ulipokatika na kurudi. Kwamba ukiiwasha inaonyesha nembo, kisha inabaki hapohapo ikizungusha vidoti hadi unachoka. Na kwamba fundi mmoja wa Mwanga ameahidi kukupigia Windows mpya leo, yaani kuuweka upya mfumo unaoiendesha kompyuta, kesho uichukue. Nakuomba usiipeleke bado. Nakuandikia hadharani kwa sababu wapo wengi hapo Kigoma wanaopewa ahadi hiyohiyo, nao wana mafaili yasiyo na nakala popote.

Ndani ya mashine hiyo mna hesabu za miaka minne za kikundi chenu cha dagaa pale Kibirizi, mna picha za msiba wa Mjomba, na mna ile sauti ya Bibi akisimulia kwa Kiha walivyoteremka kwa miguu kutoka Kasulu hadi Ujiji. Bibi hayupo tena wa kurudia simulizi ile.

Miaka sita iliyopita nami nilipeleka kompyuta yangu kwa fundi, nikamwambia neno moja tu: naomba iwake. Ikawaka. Niliipokea ikiwa nyepesi na safi, nikafungua folda ya picha nikakuta hamna kitu, nikafungua nyingine, nayo hamna kitu. Picha za mwisho za mama zilikuwa humo. Fundi hakunidanganya, alifanya nilichomwomba, kwa sababu mimi mwenyewe sikumwambia kwamba nilichokuwa nakililia ni kile kilichomo ndani.

Windows na mafaili yako vinakaa kwenye diski moja, lakini ni vitu viwili. Umeme ukikatika wakati Windows inaandika mambo yake, huweza kuharibika sehemu ile inayoiamsha, na mafaili yakabaki salama kabisa mahali pake. Injini ya boti ikizima katikati ya ziwa, dagaa waliomo hawajazama. Kinachowazamisha ni kufomati, yaani kuifuta diski, na kuingiza Windows mpya, kwa sababu hiyo huandikwa juu ya diski ileile, na kilichoandikiwa juu hakirudi.

Nikifika nitaanza na jambo dogo: nitachomoa chaja, nitatoa betri kama inatoka, nitabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi ili umeme uliobaki uishe, kisha nitaiwasha tena. Mara nyingine hilo latosha. Lakini kwa kuwa yako inafika kwenye nembo, sidhani kama tatizo ni umeme huo uliobaki.

Njia ninayoitegemea zaidi ni ya flashi. Kwenye kompyuta nyingine isiyo na tatizo unapakua Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya kuendesha kompyuta kama Windows ila hailipiwi, kisha kwa programu iitwayo Rufus unaiweka kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi (flashi iwe tupu, maana vyote vilivyomo vitafutwa). Flashi hiyo unaichomeka kwenye kompyuta mgonjwa, unaiwasha huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia, ambacho kwa nyingi za HP ni F9 na kwa nyingi za Dell na Lenovo ni F12, nayo itaamka kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows. Hapo Ubuntu itakuuliza kama unataka kuijaribu au kuisakinisha; Mint kwa kawaida huanza yenyewe kwa kujaribu. Unachagua kujaribu. Ukichagua kusakinisha na kukubali kila kinachofuata, utakuwa umefanya kwa mkono wako kile tulichomkatalia fundi.

Baada ya hapo diski yako itaonekana kama folda ya kawaida. Ndani yake tafuta Users, kisha jina lako, na humo utakuta Desktop, Documents, Pictures na Downloads. Usiisahau hiyo ya mwisho, kwa sababu vingi mnavyotumiana kikundini kwa WhatsApp ya kompyuta huishia humo. Vyote nitavinakili kwenye diski ya nje, kisha nitafungua picha kadhaa na lile daftari la hesabu ili nione kama kweli vinafunguka. Jina la faili kuonekana upande wa pili si ushahidi wa kutosha.

Jambo moja laweza kutuzuia. Kompyuta nyingi za siku hizi hufunga diski kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha yaliyomo, na ikiwa ni hivyo tutaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku kompyuta ilipoanzishwa, na unaweza kusomwa hata kwa simu. Muulize binti yako alitumia barua pepe gani siku ile, na kama nenosiri bado analo. Bila ufunguo huo hakuna fundi atakayeifungua, awe wa Kigoma au wa Dar.

Ikikataa hata flashi, nitafungua skrubu za chini na kuitoa diski yenyewe, ambayo kwa kompyuta ya umri wa yako huenda ikatoshea kiganjani, kisha nitaiunganisha kwa waya maalumu kwenye kompyuta yangu kama mtu anavyochomeka flashi. Kazi hii hata fundi wa Mwanga anaweza kuifanya. Mwambie tu waziwazi atoe mafaili kwanza, na ukae palepale hadi amalize, kwa sababu picha za msiba wetu si za kuangaliwa na kila apitaye dukani.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Bila kuiwasha, kumbuka kama kompyuta ilikuwa ikitoa mlio wa ta, ta, ta, mfululizo, kama kucha inayogonga meza. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa kinachosoma kikiwa karibu mno kuzigusa; mlio huo mara nyingi maana yake ni kwamba kichwa kimeanza kushindwa, na kila unapoiwasha kinaweza kuzikwaruza zaidi. Hapo hatujaribu tena chochote, wala hatuifungui mezani penye vumbi, wala hatuiweki kwenye friji kama wanavyoshauriana watu. Itabidi iende kwa wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi, kwa gharama kubwa. Kama ni SSD, ile diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, haina sahani wala mlio, na ukimya wake haumaanishi kwamba ni nzima.

Nitapanda treni hapa Tabora mwishoni mwa wiki, nikiwa na flashi, waya, bisibisi ndogo na diski tupu ya terabaiti moja. Hadi nifike, ifungie kabatini na usiiwashe hata kwa kujaribu tu. Niandikie pia kwenye karatasi jina la faili la sauti ya Bibi, au kama hulikumbuki, mwezi uliomrekodi, kwa sababu diski inayougua hutolewa kwanza kile kisichoweza kupatikana tena, na hesabu za dagaa angalau mna risiti.