Mwanangu, zima maiki

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Jana dada yako alinionyesha kwenye simu yake video ya mwinjilisti mmoja aliyeingia sakristia, kile chumba cha kuvalia kanzu, maiki ikiwa bado inafanya kazi, akaanza kuisema kwaya kwa mzee wa kanisa, na usharika mzima unasikia. Dada yako na wenzake walicheka. Mimi usingizi ulikata, kwa sababu Jumapili hii wa kusimama pale mbele kuongoza ibada ni wewe.

Baba, ile maiki ya kubana kwenye kola usimwachie fundi mitambo. Kwaya zikianza kubadilishana yeye anahangaika na flashi na nyaya za kinanda, hakuangalii wewe. Zima mwenyewe kwenye kile kiboksi cha kiunoni, kisha tazama taa yake. Zima kabla ya sakristia, kabla ya choo, na kila unapokaa kusikiliza kwaya, maana una tabia ya kuifuatisha kwa sauti na itatoka yote spikani. Weka betri mpya mfukoni. Ukipewa ya mkononi ikaanza kupiga mluzi, usiifunike kichwa kwa kiganja, mluzi utazidi. Toka mbele ya spika, basi.

Masomo yatafute Jumamosi usiku, uweke karatasi kila penye somo, kwa kuwa kurasa za Biblia zinagandana na feni inazipeperusha. Filemoni ina sura moja tu, na Yuda vilevile. Kila mwaka yupo anayetangaza Filemoni sura ya pili akidhani yuko Wafilipi, halafu anafunua mpaka watu wanaanza kukohoa. Baba yako anasema unasoma mbio kwa sababu nilikuwa nakukatiza sana ulipotusomea nyumbani. Huenda ni kweli. Soma polepole.

Imani ya Mitume iwe mbele yako imeandikwa, hata kama unaijua tangu kipaimara. Ukiruka mstari usirudi nyuma, fuata washarika, wao hawapotei.

Matangazo ndiyo yananitia hofu zaidi baada ya maiki. Karatasi ya ndoa na ya misiba zisikae pamoja. Yasome yote sakristia kwanza, majina usiyoyaweza muulize mzee wa zamu, maana ukimtaja marehemu kwenye orodha ya wanaotaka kufunga ndoa, familia mbili zitakuja kukuona.

Kuku wa mnada, yule aliyeletwa kama sadaka, afungwe miguu yote miwili kwa kitambaa, awekwe kwenye tenga karibu na mlango. Mayai yasiwe njiani mwa wakusanya sadaka. Jogoo akiwika wakati unasoma Petro anamkana Bwana, watu watacheka, na wewe utataka kucheka, nakujua. Nyamaza. Waache wamalize, rudia mstari ule tangu mwanzo, endelea. Usieleze, usiombe radhi, usitoe utani wa pili. Wamekuja kuabudu, kuna aliyefiwa na kuna aliyetoka kwa miguu mbali, na ibada inarudi upesi kiongozi asipoishikilia aibu yake.

Tunajivunia wewe. Mwalimu wako wa Jumapili anamwambia kila mtu sokoni. Ila ungepiga simu mapema, ningemwambia fundi aishone kanzu vizuri. Hiyo niliyotuma nimeipandisha pindo kwa mkono, na mbele bado ni ndefu, kwa hiyo ukipanda ngazi za madhabahuni ishike kwa mkono wa kushoto. Na kabla ya kupanda, maiki.

Mbuzi wako amezaa mapacha, mmoja hanyonyi vizuri, tunampa kwa chupa. Ada ya mdogo wako imebaki nusu, usitume kitu mpaka ulipwe. Mfuko una maharage na mchele, kondakta wa basi la Ijumaa anao. Ndoo ya plastiki uirudishe, ni ya shangazi yako na ameshaiulizia.

Mama yako