Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: usitufungie ziwa, tuonyeshe pa kulala

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hifadhi za Maziwa na Misitu,

Yah: Katazo la kupiga kambi kando ya ziwa

Tangazo lako nimelisoma pale getini. Mvua ilikuwa imeshalilowesha upande mmoja, lakini neno MARUFUKU lilisomeka vizuri tu. Hakuna hema, hakuna moto, hakuna kulala popote kwenye ukingo wa ziwa, hadi itakapotangazwa vinginevyo. Ningeweza kuja ofisini kwako, ila jambo hili ni la wengi, wapiga kambi, watembea milima na wavuvi, kwa hiyo nimeona nikuandikie mbele yao wote.

Nianze kwa kukiri. Uliyoyaona ni kweli. Wiki chache kabla ya tangazo nilitembea kutoka getini hadi kwenye ile rasi ya mawe, mwendo wa saa mbili hivi, nikawa nahesabu mafiga. Nilipofika kumi na saba nikaacha. Kila penye kitambarare cha kutandika hema pana duara la mawe meusi, na ndani yake kopo lililoungua au mfuko wa plastiki ulioyeyuka ukashikana na majivu. Chini ya ule mti mkubwa ambao sote tunaugombania kwa kivuli, mizizi imetoka nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Udongo wake umekuwa mgumu hivi kwamba kigingi cha hema nilikigonga kwa jiwe kikapinda. Nyuma ya mti, hatua chache, karatasi za chooni. Hatua chache upande wa pili, maji. Hakuna mnyama wa porini anayetumia karatasi, Mheshimiwa. Ni sisi.

Kwa hiyo kuhusu ugonjwa hatubishani. Tunabishana kuhusu dawa.

Jumamosi ya kwanza baada ya katazo nilikwenda tena, matembezi ya mchana tu, kibali mfukoni. Pale kwenye mafiga kumi na saba palikuwa kimya. Lakini nilipopita kona ya pili, kule ambako njia inaisha na matete yanaanza, nilikuta mahema matatu yamejificha. Wenyewe walikuwa wamekata matawi mabichi kuyafunika yasionekane kutoka ziwani, na wamekanyaga matete ili wapate pa kuchotea maji. Mahali pale mwezi uliopita hapakuwa na unyayo hata mmoja. Sasa pana njia. Katazo lako halikuwaondoa watu; liliwasogeza tu kutoka mahali palipokwisha kuharibika hadi mahali palipokuwa pazima. Funika kombe, mwanaharamu apite.

Naomba unisikilize hapa kidogo, maana ndipo ilipo hoja yangu yote. Ardhi haiharibiki polepole na kwa usawa, kwamba usiku mmoja wa kambi unaleta dhara moja na usiku wa ishirini unaleta dhara la ishirini. Watafiti waliopima maeneo ya kambi misituni kwa miaka mingi wamekuta jambo lile lile tena na tena: sehemu kubwa ya uharibifu hutokea katika matumizi ya mwanzo mwanzo. Siku chache tu za kukanyagwa zinatosha kuua majani laini na kushindilia udongo. Baada ya hapo mahali palipokwisha kuwa peupe hapazidi kuharibika sana, hata wakilala watu mara mia. Kupona nako ni kinyume chake. Kuharibu ni wiki, kupona ni miaka, na kwenye udongo mwembamba wa kando ya maji huenda ikachukua miongo.

Ukilielewa hilo utaona kwamba kumtawanya mpiga kambi ndilo kosa lenyewe. Watu ishirini wakilala mahali pamoja palepale mwaka mzima, wanakuachia kidonda kimoja unachokijua. Ukiwafukuza wakalala kila mmoja kichaka chake, wanakuachia vidonda ishirini, na kila wiki vinahama.

Wenzetu walishalipitia hili. Kule Minnesota, Marekani, kuna eneo la Boundary Waters, maziwa zaidi ya 1,000 ndani ya msitu mmoja. Watu huingia kwa mitumbwi na kulala huko siku kadhaa. Hawakuwafungia. Wameweka maeneo ya kambi yaliyochaguliwa, kila moja lina jiko la chuma lililosimikwa ardhini na choo cha shimo, na kundi haliruhusiwi kuzidi watu 9. Idadi ya makundi yanayoingia kwa siku inadhibitiwa wakati wa msimu. Huko Uskoti, ambako sheria ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea na kulala porini kwa ustaarabu, fukwe za ziwa la Loch Lomond nazo zilizidiwa, hadi mwaka 2017 hifadhi ikaweka kanuni: kuanzia Machi hadi Septemba, kwenye maeneo yaliyotajwa, huwezi kupiga kambi bila kibali. Wapo waliolalamika, na mimi pia ningelalamika kidogo. Lakini angalau mtu anajua alale wapi.

Ninachokuomba basi ni maeneo machache ya kudumu, na yasiwe ufukweni. Yapandishe juu kidogo, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji. Kipimo hicho wapanda milima wengi wanakijua, na kina maana yake. Maji machafu ya sufuria, sabuni na haja vikimwagwa umbali huo, udongo unapata nafasi ya kuvichuja kabla havijafika ziwani. (Na hii sabuni inayoandikwa kwamba inaoza yenyewe: inaoza kwa kazi ya bakteria wa udongoni. Ukiogea nayo ziwani umechafua ziwa, hata kama chupa ina picha ya jani.) Choo cha shimo kimoja kwa kila kambi kitafanya kazi kubwa kuliko mabango yote. Pasipo choo, mtu achimbe kishimo cha sentimita 15 hadi 20 na kukifukia. Lakini kwenye kambi inayolaliwa kila wiki, utachimba hadi ukutane na kishimo cha mwenzio, na vijidudu vya tumbo vinaweza kuishi udongoni kwa miezi mingi.

Wapiga kambi wenyewe watanuna mwanzoni, maana sote tunataka kufungua zipu ya hema asubuhi tuone maji. Nami nilikuwa hivyo. Kisha usiku mmoja nilichelewa, giza likanikuta kwenye kilima, nikalala hapohapo kwenye uwazi katikati ya miti. Niliamka hema likiwa kavu. Wenzangu waliolala ufukweni walikuwa wanakamua magodoro. Usiku hewa baridi huteremka kutoka milimani na kutuama bondeni, na bonde la ziwa ndiko inakoishia, pamoja na ukungu na mbu. Aliye juu kidogo, chini ya matawi, analala kwenye joto zaidi na ukavu zaidi. Hili ungeliandika kwenye bango, watu wangepanda wenyewe bila kusukumwa na askari.

Kuhusu moto nitasema kifupi. Jiko moja la chuma kwa kila kambi, na siku za ukame hakuna moto kabisa, mtu aje na jiko lake la gesi. Mawe ya ziwani yasitumike kwa mafiga hata kidogo. Yamenyonya maji, na yakipata moto yanaweza kupasuka yakarusha vipande usoni mwa mtu.

Na sasa njia. Najua barua inarefuka, lakini njia ya kuteremkia ziwani inaniuma kuliko mafiga. Aliyeipitisha pale aliitupa moja kwa moja kutoka kilimani hadi majini, kama mtu anayemwaga ndoo. Njia inayoshuka sawasawa na mteremko inageuka kuwa mfereji mvua ya kwanza tu. Kanuni ya wajenzi wa njia za miguu ni rahisi: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima inachokatiza, ili maji yavuke njia yaende zake badala ya kuifuata. Ya kwetu sasa imechimbika hadi magotini. Watu wanaukimbia mfereji, wanatembea pembeni, pembeni pakichimbika wanahamia pembeni zaidi, na udongo wote unaishia ziwani. Baada ya mvua utauona mwenyewe ukisimama kwenye rasi: ulimi wa maji ya kahawia, unaanzia pale pale njia inapogusa ufuko. Bango la marufuku ya mahema limesimikwa mita chache kutoka hapo.

Njia hiyo inahitaji kuzungushwa ipite ubavuni mwa kilima, na ile ya zamani izibwe kwa magogo na matawi makavu ili maji yapungue kasi na mbegu zipate pa kushika. Hakuna mashine inayohitajika hapo. Ni majembe, koleo, kamba ya kupimia na watu wanaojua wanachofanya.

Watu hao wapo. Wengi wao ndio haohao walioacha yale mafiga, na nadhani wanalijua hilo. Nimeshaongea na wenzangu kadhaa tunaotembea pamoja, na tuko tayari kutoa siku zetu za mapumziko. Kinachotuzuia ni tangazo lako lenyewe, kwa kuwa kazi ya siku mbili inataka watu walale, na kulala ni marufuku. Tunaomba kibali cha usiku mmoja, tukilala juu ya kilima, bila moto, na askari wako mmoja awe nasi atuonyeshe njia mpya ipite wapi. Vigingi vya kupima nitakuja navyo mwenyewe, isipokuwa kile kilichopinda.

Wako,
Mpiga kambi wa siku nyingi