Kabla Shija hajaleta taili

Isamilo, Mwanza

Mama Tumaini mpendwa,

Mwadila, mwenzangu. Mhola? Huku wazima, Sayi kapona kikohozi, Doto na vituko vyake vilevile, na ile habari ya kazi ya Baba Tumaini imetufikia, mpe hongera. Salamu nyingine jaza mwenyewe, maana nina haraka. Shija ameshaitisha mchango wa taili.

Ndiyo, taili. Sebuleni kwa Mama Mkubwa, juu ya sakafu ya mbao za mninga!

Wale wapangaji wa nyumba yake wamehama. Waliacha nyumba imefagiliwa, mapazia yamefuliwa, huna la kuwasema, mpaka mvua ilipopanda kutoka ziwani. Hapo ndipo nyumba yenyewe ilipotuambia kwamba humu walifugwa paka, tena wengi. Harufu inakupokea getini. Kona ya sebule chini ya dirisha mbao zimekuwa nyeusi, na chumba cha nyuma ndiyo usiseme. Shija akaleta fundi wake. Yule bwana alisimama mlangoni, hakuinama hata kugusa ubao, akatoa hukumu: ng'oa, mwaga zege, weka taili. Na Shija unamjua, akishasikia neno "kisasa" masikio yanaziba.

Mimi nikasema hapana. Mbao zile zilikuja na treni kutoka Tabora, Mama Mkubwa alikuwa hachoki kutusimulia, leo ziende kuwa kuni za kukaangia samaki Kirumba kwa sababu ya paka?

Basi nikamfuata Mwalimu Bhoke na kemia yake. Alinifungua macho. Kumbe harufu na doa ni kesi mbili. Mkojo ukikaa, bakteria wanageuza urea iliyomo kuwa amonia, ndiyo ile inayochoma pua. Lakini zinabaki chembe za asidi ya yuriki ndani ya vinyweleo vya mbao, na hizo kwa maji haziyeyuki kirahisi. Unadeki kwa sabuni, unafurahi, hewa ikilowa tu harufu inaamka. Kinachozimaliza ni sabuni ya vimeng'enya, inayozivunjavunja zenyewe, na lazima uiache ilowane hadi kule mkojo ulikofika, siyo kupangusa juu juu. Doto alikuwa keshashika dumu la jiki. Mwalimu alimpigia kelele kama mwizi: jiki ikikutana na amonia inatoa gesi ya kukaba kifua, na chumba cha nyuma dirisha lake halifunguki vizuri.

Kujua wapi na wapi kumekojolewa, niliazima kwa Mama Kulwa kile kijitaa cha zambarau anachokagulia noti kibandani. Usiku, taa zote zimezimwa, unakipitisha sakafuni na penye mkojo mkavu panang'aa rangi kama ya manjano. Shoga, niliona ramani! Lakini ramani yenyewe ilinipa moyo, kwa sababu sehemu kubwa ya sebule ni safi kabisa. Taili chumba kizima kwa kona moja?

Sasa doa. Mbao zina tanini, kemikali yao ya asili, amonia inazitia weusi, na penye misumari chuma kinaongeza weusi wake. Madoa mepesi nimeyajaribu kwa peroksaidi ya asilimia 3, ile dawa ya vidonda inayotoa povu, ipo duka lolote la dawa. Unalowesha kitambaa, unakilaza juu ya doa, unafunika kwa nailoni, unakiacha usiku kucha. Yamefifia mpaka nimecheka peke yangu, ila ujue inafifisha na rangi ya mbao, kwa hiyo usivuke mpaka wa doa. Yale meusi tii yamegoma. Hayo yanataka asidi ya oksaliki, unga mweupe unaokorogwa kwenye maji ya moto, na mbao iwe imekwanguliwa vanishi yote kwanza. Weusi wa misumari inautoa vizuri, wa mkojo mara unatoka wote, mara unabaki kivuli. Ni sumu, watoto wasisogee, glavu mkononi, kisha unasuuza na kusuuza.

Na mbao iliyooza kabisa haina dawa, unaitoa. Lakini hata hapo sinunui mpya! Ile stoo ya chini ya ngazi ina sakafu ya mninga uleule, umri uleule, na hakuna anayeiona. Natoa mbao stoo naleta sebuleni, stoo ndiyo iwekwe taili za Shija, aridhike.

Ubishi mwingine ni msasa. Yule fundi, alipoona sikubali kung'oa, akasema basi atapitisha grinda. Grinda! Inaacha miduara ambayo vanishi ndiyo itaionyesha zaidi. Mimi nataka mashine ya msasa ya sakafu, ya kukodi kwa siku, ifuate mwelekeo wa nyuzi za mbao: msasa mkali namba 40 kwanza, halafu 80, halafu 120 ulio laini zaidi. Chumba cha nyuma nitakipiga mwenyewe na Doto, barakoa usoni, vumbi la mninga halichezewi. Baada ya hapo vanishi nyembamba mara tatu, kila mkono ukauke siku nzima, katikati msasa laini wa 220. Gharama kubwa hapo ni vanishi na mashine tu. Nimempigia Shija hesabu, haifiki hata nusu ya ile ya kung'oa na kumwaga zege, akaniambia "tutaona". Tutaona ya Shija maana yake fundi anakuja Jumatatu.

Kwa hiyo nina mambo mawili kwako. Kwanza, nitafutie oksaliki Kariakoo kwenye yale maduka ya kemikali, nusu kilo inatosha, na sabuni ya vimeng'enya wanakouza vyakula vya mbwa na paka. Huku nimezunguka hadi miguu imevimba. Pili, mpigie Shija. Wewe anakusikiliza, sababu tunaijua mimi na wewe, usinifanye niiandike. Usimwambie nimekutuma. Mwambie tu umeona Dar watu wanalipa pesa nyingi kuwekewa sakafu za mbao, itamuuma.

Halafu hebu nijibu. Yule shemeji yako wa Mkolani bado ana mashine ya msasa au aliuza? Kama anayo, anaikodisha na mtu au peke yake? Vanishi ya maji umewahi kuitumia, au ni ileile ya tina inayonuka wiki nzima? Na Mama Kashinje, ni kweli amerudi kwa mumewe? Mbona hukuniambia? Utakuja lini, krismasi au ndiyo maneno? Mzigo ukiupata weka kwenye basi la alfajiri na unitumie namba ya gari, nitamtuma Doto Nyegezi akaupokee. Bei niambie mimi, Shija usimwambie.

Wako,
Mama Sayi