Kidoa kidogo nyuma ya mlango: kwa nini tunafungua kwanza ndipo tutaje bei

Mteja akishuka kwenye pikapu ya zamani na kuanza na maneno "fundi, ni kidoa kidogo tu," najua anakoelekea kabla hajamaliza. Anataka bei hapohapo, kasimama, funguo mkononi. Simlaumu, maana mimi mwenyewe ningekuwa upande wake ningeuliza vivyo hivyo. Shida ni kwamba kutu ya kebini, yaani chumba anachokaa dereva na abiria, haikadiriki kwa kuitazama kwa nje. Nimeona afadhali nieleze sababu, ili siku ukija usidhani tunakuzungusha.

Siku si nyingi mzee mmoja alituletea pikapu yake ya milango miwili, gari la zaidi ya miaka 20. Kwenye pembe ya nyuma ya kebini, chini kabisa, pale bati linapojikunja nyuma ya mlango wa dereva, rangi ilikuwa imetoa lengelenge moja la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nikabonyeza kwa bisibisi butu, haikuzama. Nikabandika sumaku, ikadondoka. Nikaipandisha vidole vinne juu, ikashika. Hapo nikajua kwamba sehemu yote ya chini si bati, ni puti, ule ujiuji mzito wa kujazia mabonde ya bodi ambao hukauka na kuwa mgumu. Tuligonga kidogo kwa nyundo, ikabanduka kipande kizima kama kigae. Nyuma yake kulikuwa na sponji ya kiti iliyoshindiliwa, imelowa chepechepe, na nyuma ya sponji kulikuwa na tope lenye majani yaliyooza. Katikati ya tope mbegu ilikuwa imeanza kuota, kichipukizi cheupe kikitafuta mwanga. Mzee akachungulia, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe siku zote hizi nimebeba shamba."

Kuna mtu aliyeziba tundu lile miaka ya nyuma na kulipwa kwa kazi hiyo. Simjui, na sina haja ya kumjua. Alichofanya ni kufunga mlango maji yakiwa yamekwisha kuingia ndani.

Ukitaka kuielewa kutu ya kebini, fuata maji. Kebini si bati moja. Vizingiti vya milango, nguzo za pembeni mwa kioo na zile pembe za nyuma ni maboksi: bati la nje, bati la ndani, katikati pamebaki uwazi. Maji yana njia nyingi za kufika humo. Raba ya kioo ikikauka na kupasuka, maji hupenya chini yake, yakateremka ndani ya nguzo hadi kwenye kizingiti. Yale yanayopita pembeni mwa kioo cha mlango huingia tumboni mwa mlango, na hilo ni jambo la kawaida, kwa sababu waliolitengeneza gari waliacha matundu chini ya mlango ili yatoke. Vivyo hivyo kile kibonde kilicho chini ya waipa kina njia za kupeleka maji pembeni na kuyamwaga nyuma ya madigadi ya mbele. Matairi nayo hurusha tope kutoka chini. Majani na vumbi vikishaziba matundu hayo, boksi linageuka birika. Tope hukaa na unyevu muda mrefu baada ya mvua kukatika, kwa hiyo bati linaendelea kuliwa hata siku za jua kali.

Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana huvimba na kuisukuma rangi kutoka nyuma. Bati la kebini mara nyingi lina unene usiofika milimita 1, kwa hiyo ukiona lengelenge lisilo na mkwaruzo wala alama ya jiwe, mara nyingi safari ya kutu ilianzia ndani na sasa ndiyo inafika nje. Unachokiona ni mwisho wa ugonjwa. Chumvi huongeza kasi, iwe ya upepo wa bahari au ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Isitoshe, magari ya siku hizi hutengenezwa kwa bati lililopakwa zinki na bodi nzima huzamishwa kwenye praima (rangi ya kwanza ya kulinda chuma) inayovutwa kwa umeme hadi kwenye kona za ndani. Pikapu nyingi za zamani zilitoka kiwandani kabla ulinzi wa namna hiyo haujawa jambo la kawaida.

Unaweza kujikagulia mwenyewe kabla hujatujia. Toa mikeka, inua kapeti, pitisha kiganja sakafuni. Kama sponji ya chini ya kapeti inatoa maji ukiibonyeza, usihangaike kwanza na sakafu, tafuta yanakotokea. Kisha mimina jagi la maji taratibu kwenye kibonde cha waipa, uiname utazame chini nyuma ya madigadi. Maji yanapaswa kutoka huko upesi. Yakichelewa, au yakitokea miguuni mwa abiria, umeshapata jibu la nusu ya matatizo yako. Kagua pia sehemu ambazo bolti za kiti na mkanda wa usalama zimeshika, na zile nyayo ambazo kebini inakalia juu ya raba za chesi (fremu ya chuma inayobeba gari). Kutu ya kizingiti inaudhi. Kutu ya hapa ni habari nyingine, kwa sababu siku ya ajali sehemu hizo ndizo zinazokushikilia. Ukibonyeza kwa bisibisi sehemu hizo na bati likalegea, acha kulitumia gari hilo mpaka litengenezwe.

Tukifungua tunakuta nini

Si kila kutu inadai kukatwa. Ile ya juujuu, ya rangi ya chungwa na bati chini yake bado gumu, tunaikwangua kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae. Vishimo vidogo vilivyobaki tunavipaka dawa yenye asidi ya fosfori, kisha praima ya epoksi. Dawa ya kugeuza kutu ni nzuri kwa kazi yake, lakini wateja wengi wanaitegemea kupita kiasi. Inaituliza kutu iliyopo, hairudishi chuma kilichokwisha kuliwa. Bati lililobaki na unene wa karatasi, hata ulipake dawa mara kumi, litabaki karatasi.

Likishatoboka, au likibonyea kwa kidole, tunakata. Ukataji huu huwashtua wenye magari, kwa kuwa tundu la ukubwa wa sarafu linaweza kuondoka na bati la ukubwa wa kitabu. Hatukati kwa kupenda. Bati lililoliwa halikubali kuchomelewa: ukiligusa na moto linayeyuka na tundu linakimbia mbele yako. Tunakata hadi tufike kwenye chuma kizima, halafu tunaongeza sentimita 2 au 3.

Kabla grenda haijagusa kitu, betri imeshafunguliwa, kiti na kapeti viko nje, nyaya zimesogezwa, na mabomba ya mafuta yaliyo karibu yameondolewa. Kama ni kizingiti kinachotolewa, tunachomelea kwanza vyuma vya kushikilia mwanya wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Kizingiti ndicho kinachozuia mwanya huo usijikunje. Ukikikata bila kuushikilia, kebini inalegea kidogo tu, milimita chache ambazo huzioni, hadi siku unaporudisha mlango ukakuta haufungi bila kuubamiza. Mlango wenyewe tunaufunga na kuufungua mara nyingi wakati kazi inaendelea, kwa sababu ndio kipimo chetu.

Kiraka tunakipima kwa kadibodi, tunakikata kwenye bati la unene ulio karibu na lile la asili, na kona zake tunazizungusha, kwa kuwa kona kali hukusanya joto na baadaye nyufa huanzia hapo. Kinakaa usawa na bati la zamani, ukingo kwa ukingo, hakilali juu yake. Kiraka kinacholala juu huacha mfuko mwembamba ambao maji hupenda kujificha. Kisha tunachomelea kwa mashine ya MIG, ile ya umeme inayolisha waya wenyewe huku gesi ikilinda moto, yenye waya mwembamba, nukta moja hapa, nyingine kule mbali, halafu tunasubiri. Kijana akija kujifunza kazi hii, jambo gumu kwake si kushika mashine, ni kusubiri. Anaona nukta ziko mbalimbali, anataka kuziunganisha kwa mkupuo mmoja, na bati linavimba mbele yake kama chapati kikaangoni. Joto likishalikunja bati jembamba, kulinyoosha kunakula muda kuliko ule aliodhani ameuokoa.

Na mimi nina makosa yangu. Miaka ya mwanzo niliwahi kutengeneza kizingiti kizuri mno, mshono hauonekani, nikajisifu. Misimu miwili ya mvua baadaye gari likarudi, kutu imetokea palepale. Nilikuwa nimeziba tundu la kutolea maji lililokuwa chini ya bati la zamani, na kwenye kiraka changu sikuweka jingine. Nilimjengea yule mteja birika jipya. Nilikata na kurudia kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo, kabla ya kufunga boksi lolote, lazima mtu wa pili amimine maji juu na kuyaona yakitoka chini.

Puti si adui. Juu ya bati zima lililochomelewa vizuri, tabaka la milimita 2 au 3 la kulainisha mshono ni kazi halali, na sisi pia tunaitumia. Lakini puti ya kawaida hunyonya unyevu. Ukiizibia tundu, upande wa ndani hauna rangi ya kuilinda, basi inakunywa maji na kuyakabidhi kwa bati lililo pembeni yake. Ndiyo sababu kazi ya puti juu ya kutu hupendeza kwa miezi kadhaa, kisha inarudi na jirani zake. Nyuzi za fiberi zilizobandikwa juu ya kutu tunaziweka kwenye kundi hilohilo. Mteja akituomba hivyo "nipate kuliuza tu," tunamwambia atafute kwingine.

Baada ya kuchomelea, mishono inapigwa praima na kufungwa kwa silanti (gundi ya kuzuia maji), nje inapakwa rangi, na mwisho kabisa tunapuliza nta ya majimaji ndani ya maboksi kwa mpira mrefu wenye ncha ya kutawanyisha. Nta hupenya kwenye mikunjo ambayo brashi haifiki. Lazima iwe mwisho, kwa sababu moto ungeiunguza, na rangi haishiki penye nta. Kazi yote ya bati bila hatua hii naihesabu kuwa nusu kazi, ingawa ndiyo hatua ambayo mteja hataiona kamwe, labda akisikia harufu yake siku za kwanza. Rangi mpya, nakuambia mapema, haitalingana kabisa na ile iliyopigwa jua miaka yote hiyo. Tunaweza kuififisha taratibu hadi kwenye mstari wa bodi, lakini ukisimama pembeni jioni utaiona.

Wakati mwingine tunakushauri usitengeneze. Kama vizingiti vyote viwili, nyayo za kukalia chesi na fremu ya kioo cha mbele vimekwisha, saa za kukata na kuunga zinapita thamani ya kebini yenyewe. Uzuri wa pikapu za zamani ni kwamba kebini imefungwa kwa bolti juu ya chesi, kwa hiyo unaweza kutafuta nyingine iliyotumika ikawekwa. Ikague hiyo nayo kwa sumaku na bisibisi, isije ikawa unanunua kutu ya mwenzako. Na kabla hujaagiza, angalia namba ya utambulisho ya gari lako imepigwa wapi. Kwenye baadhi ya pikapu kibao chake kiko kwenye kebini, na kuihamisha bila kufuata taratibu za usajili kunaweza kukuletea matatizo makubwa kuliko kutu.

Pikapu ya mzee haikufika huko. Tuliondoa pembe yote, kipande cha kizingiti na kipande cha sakafu cha ukubwa wa kiganja nyuma ya kiti. Chanzo kilikuwa raba ya kioo cha nyuma, imepasuka kwa juu mahali ambapo hakuna anayeangalia, na maji yalikuwa yakiteremka ndani ya bati hadi pembeni. Raba mpya ilifungwa kabla hata ya kiraka kukatwa.

Kwa hiyo ukitaka tukuangalizie, lete gari asubuhi na utuachie kwa nusu siku. Tutatoa kiti na kapeti, tutafungua palipo na shaka, tutakupigia picha za tulichokikuta, na bei utaipata juu ya picha hizo kabla hatujakata chochote. Na tafadhali usilioshe kabla ya kuja. Michirizi ya vumbi na tope ndiyo inayotuonyesha maji yalipita wapi.