Kikao cha kishikio cha mpira: sasa ni Jumamosi

Habari zenu wanatimu. Kikao cha Ijumaa, cha kishikio ambacho roboti yetu itashikia mpira, kimesogezwa hadi Jumamosi, saa 4 asubuhi, palepale karakanani.

Jana nimejaribu tena ule mkono wa vidole viwili. Roboti ikitulia unashika vizuri, ila ikikata kona tu, mpira unachomoka kama sabuni. Vidole vinaugusa sehemu mbili pekee, na plastiki yake inateleza. Naona tuhamie kwenye rola mbili zilizovishwa raba, zinazozunguka kwa kuelekeana. Nafasi kati yake iwe ndogo kidogo kuliko kipenyo cha mpira, ili ziubane na kuuvuta ndani zenyewe.

Maandalizi:
1. Wachoraji: fremu iwe na matundu marefu ya skrubu, tuweze kurekebisha nafasi kati ya rola. Tuanze na pungufu ya milimita 5 chini ya kipenyo cha mpira.
2. Umeme: mota mbili, betri ichajiwe usiku wa Ijumaa.
3. Programu: mpira ukishaingia, rola zisimame. Mota ikikwama huku inapokea umeme, inaungua.

Mpira wa kujaribia nitaleta mimi.

Tafadhali kila mmoja athibitishe hapa kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Mwenye udhuru aseme mapema, kazi yake tumpe mwingine.